Kupakia stailishiti za XSLT zilizokompailiwa tayari toka kwenye jar, na namna ya kujua kama kweli zimepakiwa

Kama una programu ya Java inayogeuza XML kwa XSLT (lugha ya kanuni za kugeuza XML, unaziandika kwenye faili la .xsl linaloitwa stailishiti) basi hili umeshaliona, programu inawaka vizuri tu halafu ombi la kwanza linavutaaa, la pili linapita chap kama hamna kitu. Lile la kwanza linachelewa manake Java inasoma faili la .xsl, inalichambua, inalitengenezea baitikodi (maagizo ambayo Java inayaendesha) kwenye memori, yote hayo kabla haijagusa hata mstari mmoja wa data yako. Sasa kazi hiyo unaweza kuifanya mapema, siku unabilidi (unaijenga programu), ukapata klasi za kawaida kabisa za Java, ukazifunga kwenye jar (faili moja linalobeba klasi nyingi), na programu ikiwaka inazivuta tu. Ndo nataka nikuonyeshe hapa, ila zaidi nataka nikuonyeshe pale inapokudanganya, manake hii kitu ina tabia mbaya ya kukompaili upya kimyakimya huku we umekaa unajua jar yako inafanya kazi.

Klasi hizo zinaitwa transleti. Zinatengenezwa na kompaila inaitwa XSLTC, ilianzia Sun, baadaye ikaingia Apache ndani ya mradi wa Xalan, na tangu Java 5 iliyotoka 2004 ndo hiyohiyo imo ndani ya JDK (kifurushi chenyewe cha Java) kama injini ya kawaida ya XSLT. Kwa hiyo hata kama neno transleti ndo unalisikia leo, umekuwa ukizitumia miaka yote, tofauti ni kwamba zako zinazaliwa na kufa kwenye memori. Ujue tu kwamba XSLTC inajua XSLT 1.0, ile ya 1999. Stailishiti zako zikiwa za 2.0 au 3.0 hapa umepotea njia.

Alafu niseme mapema, wengi hawahitaji hili jambo. Kama seva yako inawaka wiki nzima bila kuzima, kompaili mara moja ikiwaka, tunza ile `Templates` (stailishiti iliyokwishakompailiwa) kwenye uga wa static, maisha yaendelee, `Templates` inaruhusiwa kutumiwa na thredi nyingi kwa pamoja (`Transformer` hapana, hiyo kila thredi itengeneze yake). Jar ya transleti inalipa pale programu inapowaka na kuzima kila mara, au una stailishiti kibao kubwakubwa, au hutaki kabisa faili za .xsl zizagae kwenye mashine ya kazi.

Xalan ipi?

Hapa uamue kabla hujaandika kodi. Kuna XSLTC mbili: iliyomo kwenye JDK, ambayo klasi zake zinaanza na `com.sun.org.apache.xalan.internal`, na ya Apache inayoanza na `org.apache.xalan`. Kodi yake karibu ni moja ila transleti zake haziingiliani, kwa sababu kila transleti ni mtoto wa klasi inayoitwa `AbstractTranslet` na hao wazazi ni wawili tofauti. Ukikompaili na ya JDK ukaja kupakia na ya Apache, au kinyume chake, haiendi.

Mi natumia ya Apache na sina ubishi nayo. Ya JDK ilikuwa poa zamani ila tangu Java 9 kuna moduli, na moduli ya `java.xml` haitoi nje pakeji ile alimo `AbstractTranslet`, kwa hiyo transleti yako ikikaa kwenye klasipathi ya kawaida (orodha ya mahali Java inapotafuta klasi) ikajaribu kumrithi mzazi wake inapigwa `IllegalAccessError` yenye maneno marefu ya `superclass access check failed`. Kosa hilo unaweza kulizunguka hivi, na mistari mingine kama huu kwa pakeji nyingine za ndani ambazo transleti inazigusa

```
--add-exports java.xml/com.sun.org.apache.xalan.internal.xsltc.runtime=ALL-UNNAMED
```

lakini sasa kila anayewasha programu yako lazima akumbuke mistari hiyo, na watu hawakumbuki. Chukua Xalan ya Apache, 2.7.3 au ya mbele yake, sababu ya hiyo namba nitaisema chini kule, weka jar zake zote kwenye folda `lib` tuendelee.

Kukompaili na kufunga

Njia nyepesi ni ya komandi:

```
java -cp "lib/*" org.apache.xalan.xsltc.cmdline.Compile \
     -o Stakabadhi -p ripoti.kurasa -d dist -j stakabadhi.jar \
     xsl/stakabadhi.xsl
```

`-o` ni jina la klasi, `-p` ni pakeji, `-d` ni folda ya kuweka matokeo, `-j` ni jina la jar. Kuna na `-n` ya kuchomeka templeti ndani ya nyingine, iache, manake JVM haikubali methodi inayozidi KB 64 na stailishiti kubwa ukiichomekachomeka hivyo unaufikia huo ukuta haraka sana.

Ukitaka kufanya ndani ya Java, labda kwenye hatua ya bilidi, ni hivi:

```java
TransformerFactory tf = TransformerFactory.newInstance(
    "org.apache.xalan.xsltc.trax.TransformerFactoryImpl", null);
tf.setAttribute("generate-translet", Boolean.TRUE);
tf.setAttribute("package-name", "ripoti.kurasa");
tf.setAttribute("translet-name", "Stakabadhi");
tf.setAttribute("destination-directory", "dist");
tf.setAttribute("jar-name", "stakabadhi.jar");
tf.newTemplates(new StreamSource(new File("xsl/stakabadhi.xsl")));
```

Angalia huo mstari wa kwanza. Nimetaja jina zima la fakitori (kile kinachotengeneza `Templates`) kwa makusudi. Ukiandika `TransformerFactory.newInstance()` tupu huku xalan.jar iko kwenye klasipathi unapewa fakitori ya Xalan ya kawaida, ile inayotafsiri stailishiti hatua kwa hatua bila kutengeneza klasi yoyote, na hiyo haijui `generate-translet` ni mnyama gani, inakutupia `IllegalArgumentException` hapohapo. Watu wanaishia kudhani Xalan yao ni mbovu kumbe wamegonga mlango wa jirani.

Ukimaliza fungua jar uone kilichomo, usiruke hii hatua:

```
$ jar tf dist/stakabadhi.jar
META-INF/MANIFEST.MF
ripoti/kurasa/Stakabadhi.class
ripoti/kurasa/Stakabadhi$0.class
```

Hiyo yenye `$0` ni klasi msaidizi. Zinazaliwa ukitumia vitu kama `xsl:sort`, stailishiti moja inaweza kuwa nazo hata kumi. Kama una skripti yako mwenyewe inayopanga upya jar ikabeba `Stakabadhi.class` peke yake, programu itapakia vizuri kabisa halafu itaanguka ikifika kwenye kupanga orodha. Na kama hukutoa jina la transleti, linachukuliwa toka jina la faili, herufi zisizokubalika kwenye Java zinageuzwa kuwa mstari wa chini, kwa hiyo `ripoti-mwezi.xsl` inakuwa `ripoti_mwezi`. Ukipitisha mkondo wa data usio na jina la faili kabisa unapata klasi inaitwa `GregorSamsa`, ndo jina lao la akiba. Ukiikuta kwenye jar yako ujue kuna mahali umesahau kuweka jina.

Kitu kingine, `xsl:include` na `xsl:import` zote zinamezwa wakati wa kukompaili. Jar haihitaji zile faili nyingine tena. Lakini `document()` ni ya wakati wa kazi, hiyo itakwenda kutafuta faili siku programu inakimbia, na kwa kuwa sasa .xsl haipo tena pale ilipokuwa, usiiache ibahatishe njia, weka `URIResolver` yako kwenye `Transformer` uiambie mwenyewe faili liko wapi.

Kupakia kutoka klasipathi

Hii ndo njia ninayoipenda. Jar inakaa kwenye klasipathi kama jar nyingine yoyote, alafu:

```java
tf.setAttribute("use-classpath", Boolean.TRUE);
tf.setAttribute("package-name", "ripoti.kurasa");
tf.setAttribute("translet-name", "Stakabadhi");
Templates t = tf.newTemplates(new StreamSource("Stakabadhi"));

t.newTransformer().transform(
    new StreamSource(new File("data.xml")),
    new StreamResult(new File("data.html")));
```

Hiyo `StreamSource("Stakabadhi")` ni ya kujaza nafasi tu, faili lenyewe si lazima liwepo, jina linatoka kwenye `translet-name`. Uzuri wa `use-classpath` ni kwamba haina unafiki, klasi ikikosekana inakutupia `TransformerConfigurationException` inayosema `Cannot find class`, haijaribu kukompaili chochote nyuma yako. Imepakia au imekataa, basi.

Ni hii pia utakayotumia kama programu yako inafungwa kwenye jar moja kubwa yenye jar nyingine tumboni, kwa sababu hapo kinachotafuta ni klasiloda (sehemu ya Java inayopakia klasi) na yenyewe inajua kuchimba, tofauti na njia ya pili, ya `auto-translet` nitakayoieleza chini, inayotaka faili halisi kwenye diski.

Fakitori ina usahaulifu

Hapa nipe dakika, maana hapa ndo nilipoteza siku nzima.

Sifa unazoweka kwenye fakitori ziko makundi mawili. Kuna zinazobaki: `use-classpath`, `auto-translet`, `generate-translet`, `debug`. Na kuna zinazofutwa kila `newTemplates()` inapomaliza: `translet-name`, `package-name`, `destination-directory` na `jar-name`. Yaani ukiweka pakeji mara moja juu kule ukadhani umemaliza, stailishiti ya kwanza inapakia, ya pili fakitori imeshasahau pakeji ni ipi.

Kwa `use-classpath` si janga, unapata kosa la `Cannot find class 'Ankara'` bila pakeji mbele ya jina, ukilitazama vizuri unaelewa. Kwa `auto-translet`, ile inayotafuta jar au klasi na ikikosa inakompaili yenyewe, ndo balaa. Nilikuwa na stailishiti kama sita, nimeweka `jar-name` mara moja kabla ya lupu, kila kitu kinatoka sawa, majibu sahihi, hamna kosa hata moja kwenye logi, ila programu nzito vilevile kama mwanzo. Nikaanza kulaumu diski, nikalaumu XML zenyewe kwamba ni kubwa. Baadaye sana naingia kwenye folda ya xsl kutafuta kitu kingine kabisa nakuta `ankara.class`, `ankara$0.class`, `orodha.class`, zimekaa tu pembeni ya faili za .xsl na mimi sijaziweka pale. Ikabidi nicheke. Kilichotokea, ya kwanza ilitoka kwenye jar, kuanzia ya pili `jar-name` imefutwa lakini `auto-translet` bado iko juu, kwa hiyo ikatafuta klasi wazi pembeni ya .xsl, haikuziona, ikakompaili, ikaziandika hapohapo. Na kwa kuwa ile bilidi yetu ilikuwa inafuta folda na kuiweka upya kila mara, kesho yake mchezo ulikuwa unaanza upya.

Tangu siku hiyo siiti `newTemplates` ovyo, inapita sehemu moja tu:

```java
private Templates pakia(String jina) throws TransformerConfigurationException {
    synchronized (tf) {
        tf.setAttribute("use-classpath", Boolean.TRUE);
        tf.setAttribute("package-name", "ripoti.kurasa");
        tf.setAttribute("translet-name", jina);
        return tf.newTemplates(new StreamSource(jina));
    }
}
```

`synchronized` si urembo. Fakitori moja ikishikwa na thredi mbili, ya kwanza inaweka jina, ya pili inaweka lake juu yake, ya kwanza inaondoka na transleti ya mwenzake. Huo mseto ukitokea utakuta stakabadhi zimetoka na sura ya ankara na hutajua uanzie wapi.

Njia ya auto-translet

Kuna watu wanaihitaji, hasa wakati bado mnabadilishabadilisha stailishiti, kwa hiyo niieleze.

```java
tf.setAttribute("auto-translet", Boolean.TRUE);
tf.setAttribute("debug", Boolean.TRUE);
tf.setAttribute("package-name", "ripoti.kurasa");
tf.setAttribute("translet-name", "Stakabadhi");
tf.setAttribute("destination-directory", "dist");
tf.setAttribute("jar-name", "stakabadhi.jar");
Templates t = tf.newTemplates(
    new StreamSource(new File("xsl/stakabadhi.xsl")));
```

Inachofanya, inatafuta `dist/stakabadhi.jar` (usipoweka folda inatafuta pale .xsl ilipo), ikiipata inalinganisha tarehe ya jar na tarehe ya .xsl. Jar ikiwa ya zamani kuliko .xsl inaipuuza, inakompaili upya na kuandika jar mpya. Jar ikiwa mpya au zimelingana, inafungua, inatoa klasi yenye hilo jina pamoja na zile zenye `$`, inatumia hizo.

Kwenye karatasi inapendeza. Tatizo la kwanza, tarehe inayoangaliwa ni ya .xsl kuu peke yake. Ukibadilisha faili lililoingizwa kwa `xsl:import`, kuu haijaguswa, jar inaonekana bado mbichi, na wewe unakaa unabadilisha rangi ya jedwali mara kumi hakibadiliki kitu. Ikikutokea futa jar, usipigane nayo. Tatizo la pili ni kinyume chake, ukinakili mradi kwenye mashine nyingine au ukiuvuta toka hazina ya kodi, faili za .xsl zinaweza kupewa tarehe ya leo wakati jar ina ya jana, basi jar nzima uliyoihangaikia inatupwa na kazi inaanza upya, tena bila kukwambia. Kwa hiyo kwenye mashine ya kazi mi siiweki kabisa hii, ibaki kwenye mashine ya kuandikia kodi.

Ile `debug` niliyoweka ndo jicho lako. Ikitoka kwenye jar kweli inaandika kwenye mkondo wa makosa mstari kama huu:

```
Transform using translet 'ripoti.kurasa.Stakabadhi' from jar file 'stakabadhi.jar'
```

Usipouona huo mstari, jar haikutumika, hata kama majibu yametoka sahihi.

Jar iliyo nje ya klasipathi

Wakati mwingine jar inakuja baadaye, labda iko kwenye folda ya nyongeza na unataka kuivuta programu ikiwa tayari inakimbia. Hapo unahitaji klasiloda yako, na ujanja ni kwamba Xalan ikitafuta transleti inaangalia klasiloda ya muktadha ya thredi, kwa hiyo unaibadilisha kwa muda mfupi (na kama stailishiti ina `xsl:sort`, ibadilishe hivyohivyo unapoita `transform`, manake klasi msaidizi ya kupanga inatafutwa huko wakati wa kazi):

```java
URLClassLoader kl = new URLClassLoader(
    new URL[]{ new File("nyongeza/stakabadhi.jar").toURI().toURL() },
    Ripoti.class.getClassLoader());

Thread th = Thread.currentThread();
ClassLoader yaZamani = th.getContextClassLoader();
th.setContextClassLoader(kl);
try {
    t = pakia("Stakabadhi");
} finally {
    th.setContextClassLoader(yaZamani);
}
```

Mzazi uliyempa `URLClassLoader` lazima awe anaiona Xalan ileile unayotumia. Ukimpa `null`, transleti haitampata `AbstractTranslet` wake. Ukifunga na Xalan nyingine ndani ya jar ya nyongeza alafu klasiloda yako ikawa ya aina inayoanza na vya kwake kabla ya mzazi, utapata `ClassCastException` inayosema `Stakabadhi` haiwezi kuwa `AbstractTranslet` wakati unajua ni mtoto wake, ile inayokufanya usome mara tatu. Jar ya transleti ibebe transleti tu.

Na tafadhali usiiweke hiyo `URLClassLoader` kwenye try inayojifunga yenyewe. Najua mkono unakwenda huko wenyewe, tumefundishwa kila kinachofunguliwa kifungwe, lakini hapa klasi kuu inapakiwa mara moja na zile za `$0` zinasubiri hadi zihitajike. Ukifunga klasiloda mapema, kurasa zisizo na `xsl:sort` zitatoka vizuri, siku ikija yenye kupanga ndo unapata kosa la kukosekana kwa klasi ya `Stakabadhi$0` kutoka kwenye kodi ambayo jana ilikuwa inatembea. Funga `kl` siku unapoiacha `Templates` yenyewe.

Ukitaka kuleta toleo jipya usiandike juu ya jar iliyofunguliwa, ipe jina jipya, `stakabadhi-2.jar`, tengeneza klasiloda mpya na `Templates` mpya, ibadilishe kwenye uga wako, ya zamani waache walioishika wamalize nayo. Na hakikisha klasi yenye jina hilohilo haipo kwenye klasipathi kuu, manake mzazi huulizwa kwanza, na ukiwa na nakala kule ya nyongeza haitaguswa milele.

Hii ni kodi, sio karatasi

Watu wanachukulia stailishiti kama faili la muonekano tu, sawa na rangi na fonti. Ikishakuwa transleti ni klasi ya Java inayokimbia ndani ya programu yako na mamlaka yote uliyonayo. Ile swichi ya `FEATURE_SECURE_PROCESSING` inayozuia stailishiti kuita methodi za Java inakaguliwa wakati wa kukompaili, kwa hiyo jar iliyokompailiwa bila hiyo swichi inapita na miito yake tumboni. Jar ya transleti toka kwa mtu usiyemjua ichukulie kama programu toka kwa mtu usiyemjua.

Na kompaila yenyewe ilishawahi kuwa na tundu. CVE-2022-34169 (namba ya tundu hilo kwenye orodha ya matundu ya usalama) ilihusu stailishiti iliyotengenezwa kwa hila inayoharibu klasi zinazotoka XSLTC mpaka mshambuliaji anaendesha baitikodi yake, Apache wakaliziba kwenye 2.7.3, ndo maana nilisema ianzie hapo. Bora zaidi kompaili stailishiti zako mwenyewe kwenye bilidi, mashine ya kazi isiwe na sababu ya kukompaili chochote kilichotoka nje.

Jaribio la mwisho kabla hujapeleka

Hamisha folda nzima ya xsl. Ibadilishe jina iwe `xsl_imefichwa`, washa programu, pitisha XML moja kwa kila stailishiti, na uchague zile zenye data ya kutosha kugusa `xsl:sort` na `document()`, sio XML tupu yenye elementi moja. Kama unatumia `use-classpath` na kuna jina umekosea, itaanguka hapo hapo. Kama kuna kona ya programu bado inakompaili yenyewe, nayo itaanguka kwa kukosa .xsl.

Ukitaka kuona kwa macho klasi imetoka wapi, washa na `-verbose:class` utafute jina lake:

```
java -verbose:class -cp "lib/*:dist/*:programu.jar" Ripoti | grep Stakabadhi
```

Kwenye Windows hiyo nukta pacha inakuwa nukta mkato. Ukiona njia inayoishia na `stakabadhi.jar` baada ya jina la klasi, imetoka ulikotaka. Ukiona imetoka kwenye folda ya `classes` ya bilidi ya zamani, futa hiyo folda ujaribu tena.